Nikiacha kuchora jani, nitabaki na nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wa nne nachora kwa rangi za maji: majani, mawe ya mtoni, magome ya miti. Watu hunisifu kwamba michoro yangu "inafanana kabisa", na sifa hiyo imeanza kunichosha. Nataka kuingia kwenye sanaa dhahania, isiyochora umbo halisi la kitu, na kolaji, ya kubandika vipande vya karatasi, lakini asili ibaki ndani yake. Kila nikijaribu napata moja kati ya mawili: mandhari iliyovurugika kama mtu kaipangusa kabla haijakauka, au vipande vya karatasi vilivyobandikwa bila sababu. Tena nikibandika, karatasi inajikunja na rangi inachuruzika. Nianzie wapi? Na je, ninaweza kubandika majani yenyewe?

Jibu: Marahaba. Swali lako limebeba maswali matatu, na nitaanza na lile gumu. Hayo ya gundi na karatasi yanatibika kwa wiki mbili za mazoezi. Hili la kwanza mimi lilinichukua miaka.

Unasema ukiingia kwenye dhahania unapata mandhari iliyovurugika. Nadhani najua unavyofanya, kwa kuwa nami nilipita hapo hapo. Unalitazama jani, unalichora kama ulivyozoea, halafu unaanza kupunguza: mishipa inatoka, meno ya ukingoni yanatoka, kikonyo kinatoka, kijani kinageuzwa zambarau. Unachobaki nacho bado ni jani, ila jani lililonyang'anywa nguo. Mtazamaji anahisi kuna kitu kimefichwa, anaanza kukitafuta, na akishakipata anaona ameshamaliza kuangalia.

Kilichonitoa mimi hapo ni kubadili swali ninalokwenda nalo porini. Zamani nilikuwa nauliza: kitu hiki kikoje? Sasa nauliza: kinafanya nini, na kinafanywa nini? Chukua gome, maana umelitaja. Gome hupasuka kwa sababu shina linanenepa kwa ndani wakati ngozi ya nje imeshakufa na haiwezi kutanuka tena. Kwa hiyo kila ufa unaouona ni habari ya kitu hai kinachosukuma kutoka chini. Habari hiyo unaweza kuieleza bila kuchora gome hata moja: karatasi ya juu iwe kavu, ya rangi iliyofifia, uichane, chini yake kuwe na tabaka lililoiva rangi, lichungulie kwenye mchaniko. Hapo umeshaingia kwenye kolaji, na umeingia na sababu. Jiwe la mtoni nalo lina mambo yake. Mto unalilainisha, mchanga unatulia nyuma yake mahali maji yalipopunguza kasi, na mstari unabaki ubavuni kuonyesha maji yalifika wapi. Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji umbo la jiwe.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Pasua na pasuka ni maneno mawili. Kwenye pasua kuna mkono wa mtu. Kwenye pasuka jambo limetokea lenyewe. Ndivyo ilivyo mwaga na mwagika, chana na chanika, tawanya na tawanyika. Ukiniuliza rangi za maji na kolaji zinatofautianaje, nitakujibu kwa vitenzi hivyo. Rangi ya maji inamwagika, inatawanyika, inakauka inavyotaka, na wewe unaisindikiza tu. Kolaji ni kazi ya mkono: unakata, unapanga, unabandika, ukijuta unabandua. Kazi nyingi mbovu nilizowahi kuona (zangu zikiwa mstari wa mbele) ni zile ambazo mtu ameilazimisha rangi ya maji itii kama penseli, kisha akarusha vipande vya karatasi ovyo na kusema huo ndio uhuru. Kila upande umepewa kazi ya mwenzake.

Kwa hiyo zoezi la kwanza halina brashi. Nenda mahali unapopenda kuchora ukiwa na daftari na kalamu, ukae nusu saa uandike vitenzi peke yake. Kumomonyoka. Kutuama. Kubabuka. Kutambaa. Kuchujika. Kupukutika. Usiandike "jani la manjano", andika linachofanya. Ukirudi, chagua viwili tu vinavyogombana au vinavyosaidiana, kwa mfano kutuama na kupasuka. Hivyo viwili ndivyo mada ya kazi yako. Ukiweka vitano kwenye karatasi moja kila kimoja kitapiga kelele na hakuna kitakachosikika.

Usidhani hili ni jambo la kubuni mezani kwangu. Arthur Dove, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kwake kuchora dhahania, alifika huko kwa kuyakodolea macho mashamba, maji na hali ya hewa. Katika miaka ya 1920 akageukia kolaji. Kazi yake ya mwaka 1925 kuhusu kwenda kuvua haina samaki wala mtu. Kuna vipande vya mwanzi vilivyopinda na mikono ya shati la jinzi, pamoja na mbao na vifungo. Ukiitazama unaupata mkunjo wa fimbo ya kuvulia na uzito wa nguo ya mvuvi. Alichukua kitendo akaacha sura, na kitendo kile kikatosha.

Sasa tuingie kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona wachoraji wengi wenye mkono mzuri wakipoteza hazina iliyo mbele yao.

Rangi ya maji ni chembe ndogo za rangi zilizochanganywa na gundi ya mgunga, basi, pamoja na vitu vichache vya kuifanya isikauke haraka kwenye tyubu. Nyingi ya chembe hizo haziyeyuki, zinaelea. Ukipaka, maji yanazibeba, yanazisafirisha, kisha yanazitua mahali na kuondoka hewani. Mto unafanya jambo hilo hilo kwa mchanga na tope. Hii si tamathali ya usemi. Chembe nzito, au zinazoshikana makundi makundi, hutulia kwenye mabonde ya karatasi kama mchanga unavyotulia kwenye mashimo ya kitanda cha mto, na ndiyo maana buluu ya ultramarini ikipakwa kwa maji mengi kwenye karatasi yenye mparuzo huacha punje punje. Buluu ya thalo ina chembe laini mno, hivyo huingia ndani ya nyuzi na kushika kama doa la chai. Ukichanganya ultramarini na sienna iliyochomwa, ambayo yenyewe ni udongo wenye chuma uliopitishwa motoni, ukaacha dimbwi likauke taratibu, rangi hizo mbili zitaachana zenyewe: buluu huku, udongo kule. Kuachana huko huwezi kukupata kwa ncha ya brashi hata ukeshe.

Umewahi kuona pete inayobaki kikombe cha kahawa kikivuja? Mwaka 1997 wanafizikia walieleza sababu yake katika jarida la Nature. Ukingo wa tone umeng'ang'ania mahali pake, na maji ya ukingoni huondoka haraka kuliko ya katikati. Basi maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza pengo, na njiani hubeba chembe. Ule mstari mkali unaouona kwenye ukingo wa doa lako la rangi ni pete hiyo hiyo, na umefanana na alama ya maji kwenye jiwe kwa sababu maji ndiyo yaliyoziacha zote mbili. Ukitaka mstari huo, weka dimbwi, acha karatasi ilale bapa, usiiguse. Usipoutaka, lowesha karatasi nzima kwanza ili doa lisiwe na ukingo wa kung'ang'ania.

Kuna lile ua la koliflawa linalotokea ukidondosha maji kwenye rangi iliyoanza kukauka. Tulifundishwa kuliogopa. Hutokea pale tone lenye maji mengi linapovamia eneo lenye unyevu kidogo: maji yanasambaa yakisukuma chembe mbele, yanaishiwa nguvu, yanaziacha zimerundikana kwenye ukingo wa meno meno. Siri ni mng'ao. Karatasi ikiwa bado inang'aa kama kioo, tone litapotea ndani. Mng'ao ukiwa ndio kwanza umezimika lakini karatasi bado ni baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, tone litatoa ua. Ikikauka kabisa, tone litakaa juu kama doa jipya. Fanya karatasi ishirini za hilo peke yake, ukitofautisha muda. Usitafute picha humo. Unajifunza tabia ya maji, kama mvuvi anavyojifunza upepo kabla hajatweka tanga.

Chumvi siipendi sana. Najua inatoa nyota nyota nzuri, lakini kwanza zinafanana kwa kila mtu, na pili mabaki yake hubaki kwenye nyuzi yakivuta unyevu. Kama huna budi, ipangushe yote karatasi ikishakauka.

Alexander Cozens, Mwingereza aliyefundisha uchoraji karne ya 18, aliwahi kuchapisha mwaka 1785 njia ya kuanzia mandhari kwenye madoa ya wino yaliyotupwa bila kupanga. Yeye alianza na doa akaishia kwenye mlima. Wewe nakuomba uishie njiani: ukishaona mlima kwenye doa, usiuchore. Sekunde ile mkono unapotaka kuongeza kijiti kimoja ili "kieleweke", weka brashi chini utoke nje.

Utaniuliza, basi kila doa ni sanaa? Hapana, na hapa ndipo mkasi unapoingia.

Ukishafanya karatasi hizo ishirini, thelathini, ziweke kando kwa siku kadhaa mpaka usahau ulivyozifanya. Kisha kata dirisha kwenye kadi ngumu, dogo, tuseme la sentimita 10 kwa 10, ulitembeze juu ya kila karatasi. Nyingi hazitakuwa na kitu. Lakini kwenye kona fulani utakuta maji yametenda jambo ambalo kitenzi chako kilikuwa kikilisaka: kutuama kweli, au kupasuka kweli. Kata kipande hicho. Usiionee huruma karatasi iliyobaki. Paul Klee, ambaye rangi za maji alizochora alipokwenda Tunisia mwaka 1914 zinatajwa mpaka leo, alizoea kukata kazi zake mwenyewe na kuzipanga upya au kuzigawa zikawa kazi mbili. Kama yeye hakuona haya, wewe unaona haya ya nini?

Namna ya kukata nayo inasema. Ukingo wa mkasi unasema: mtu aliamua. Ukingo wa kuchana kwa mkono unasema: kitu kilishindwa kuvumilia. Kwenye karatasi nene ya rangi za maji, kuchana huacha ufito mweupe wa nyuzi upande mmoja, na upande huo unategemea kipande kipi unakivuta kuja kwako. Jaribu mara mbili utaona ni kipi kinachobaki na weupe. Weupe huo ni mwanga wa bure, kama povu kwenye ukingo wa wimbi, au unaweza kuwa kovu baya mahali usipolitaka. Kwa karatasi nyembamba za nyuzi ndefu, kama zile za Kijapani zinazotokana na gome la mforosadi, piga mstari wa maji kwa brashi nyembamba halafu vuta taratibu. Utapata ukingo wenye manyoya, na ukiubandika utayeyukia kwenye tabaka la chini bila kuonyesha mpaka. Katika kazi moja nadra sana nitumie aina zaidi ya mbili za ukingo. Hilo si sheria, ni woga niliojifunza.

Halafu panga bila gundi. Narudia, bila gundi. Weka vipande, vipige picha kwa simu, visogeze, vipige tena. Tazama picha hizo zikiwa ndogo na bila rangi, nyeusi na nyeupe tupu, uone kama giza na mwanga vinashikana. Wachoraji wa asili tunaleweshwa sana na rangi. Kazi inakuwa na kijani kumi na tatu lakini zote zina uzito mmoja, na kwa mbali inaonekana kama ukuta. Jambo jingine: acha karatasi tupu ipumue. Eneo lisilo na kitu kwenye kolaji ni hewa, ni maji yaliyotulia. Ukilijaza kwa woga umelizima.

Vipande vikikataa kushikana, usikimbilie kuongeza. Tatizo mara nyingi ni kwamba vyote vina ukubwa mmoja. Katika mto hakuna mawe yanayolingana. Kuna moja kubwa lililoamua njia ya maji, machache ya kati, na changarawe isiyohesabika. Panga hivyo hivyo.

Na kazi za zamani "zinazofanana kabisa" usizitupe. Charles Burchfield, Mmarekani mwingine aliyeishi na rangi za maji maisha yake yote, katika miaka ya 1940 alizirudia baadhi ya karatasi alizochora mwaka 1917 akiwa kijana, akaziunganishia vipande vya karatasi pembeni na kuzikuza kuwa kazi kubwa. Kijana aliyemwona mti na mzee aliyeusikia walikaa kwenye karatasi moja. Michoro yako ya miaka minne ni ghala la karatasi zilizopakwa na mtu anayejua kutazama. Chukua mmoja usioupenda, uchane, uanzie hapo.

Sasa gundi. Karatasi inajikunja kwa sababu nyuzi zake zikilowa hunenepa, tena kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Unapaka gundi, kipande kinatanuka, unakibandika kikiwa kimetanuka. Kikikauka kinarudi kusinyaa na kuivuta karatasi ya chini ipinde kama upinde. Dawa ziko kadhaa, na mimi hutumia zote pamoja. Karatasi ya chini iwe nzito, ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba au zaidi; ya juu iwe nyepesi. Ukishapaka gundi, subiri dakika mbili tatu kipande kimalize kutanuka ndipo ukibandike. Linganisha uelekeo wa nyuzi: pinda karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, inakopindika kwa urahisi ndiko nyuzi zinakolala sambamba na mkunjo, na nyuzi za kipande ziende njia moja na za karatasi ya chini. Ukimaliza, funika kwa karatasi ya kuokea isiyoshika gundi, weka karatasi za kunyonya unyevu juu na chini, kisha ubao na vitabu vizito. Badilisha karatasi za kunyonya baada ya saa moja, halafu acha usiku mzima au siku mbili. Wengi wanaharibu hapa kwa haraka ya kutaka kuona. Kama kazi ni kubwa na imeshapinda, bandika karatasi ya uzito ule ule nyuma yake. Migongo miwili ikivutana, inanyooka.

Rangi kuchuruzika ni jambo jingine. Gundi ya mgunga iliyoshikilia rangi yako huyeyuka tena kila ikikutana na maji, hata baada ya miaka. Kwa hiyo usipake gundi yoyote ya majimaji juu ya uso wa rangi ya maji, hata ile ya akriliki inayosemekana ni ya kulinda, kabla hujaijaribu kwenye kipande cha kutupa. Brashi yenyewe huibua rangi. Paka gundi nyuma ya kipande tu, nzito, tabaka jembamba, kutoka katikati kwenda nje. Na vile vipande utakavyotaka kuvipitishia rangi tena baada ya kubandika, vipake tangu mwanzo kwa rangi ya akriliki iliyozimuliwa maji mengi: inasambaa karibu kama rangi ya maji, ila ikikauka haiamki tena.

Gundi ninayoipenda ni ya wanga wa ngano. Kipimo kimoja cha wanga kwa vipimo vinne au vitano vya maji, moto mdogo, unakoroga bila kuacha mpaka uji uwe mzito na uanze kuangaza, unapoa, unauchuja. Inaoza baada ya siku chache, hivyo pika kidogo. Sifa yake kubwa ni kwamba inabanduka ukiilowesha, na ikitokeza kando ya kipande rangi bado inapita juu yake bila ugomvi mkubwa. Gundi nyeupe ya PVA inashika kwa nguvu lakini haikuruhusu kujuta, na ikikauka juu ya karatasi inaikataa rangi ya maji: utaona mstari mweupe pale ilipovuja. Siku hizi mstari huo nauchora kwa makusudi ninapotaka mshipa. Gundi ya viatu na utepe wa plastiki viache kabisa. Vitageuka kahawia na kupenya mpaka usoni. Karatasi ya gazeti nayo ina lignini, ile ya kwenye mti, na mwanga unaigeuza manjano kisha kahawia. Ukiitumia, itumie ukijua kwamba kazi itaendelea kubadilika bila wewe.

Majani yenyewe? Unaweza, lakini fanya mara chache. Kijani chake kinatokana na klorofili, nayo haidumu kwenye mwanga. Baada ya miezi utakuwa na kahawia. Litakuwa kavu kama chipsi, litavunjika ukilipindisha, na asidi yake inaweza kuacha kivuli kwenye karatasi. Ukiamua, libane kwenye karatasi za kunyonya kwa wiki mbili hadi tatu, ukizibadilisha siku za mwanzo, na chagua majani membamba yasiyo na maji mengi. Bora zaidi ni jani lililooza likabaki mishipa mitupu; mifupa hiyo hudumu. Mary Delany, Mwingereza aliyeanza mwaka 1772 akiwa na miaka 72 kukata maua kwa karatasi zilizopakwa rangi na kuyabandika kwenye usuli mweusi, alifika karibu maua 1,000 kabla macho hayajamkatalia, na yamehifadhiwa British Museum. Katika machache aliingiza sehemu ya mmea halisi. Ukimtazama utaona jinsi alivyofanya hivyo kwa uchoyo: kipande kimoja kikavu katikati ya vipande vingi vya karatasi, kwa hiyo kinashtua.

Mimi hulitumia jani kama chombo. Lipake rangi nzito, ligandamize kwenye karatasi yenye unyevu, liondoe. Au weka karatasi nyembamba juu yake usugue kwa penseli laini, kama msanii Mjerumani Max Ernst alivyoanza kufanya na mbao za sakafu mwaka 1925. Unapata alama ya jani bila maiti yake. Hata hapo, likitokea jani zima lenye umbo lake, lichane katikati. Vinginevyo utarudi kusifiwa kwamba inafanana kabisa.

Nimalizie na rangi zinazokimbia, kwa kuwa hili lilinigharimu aibu. Niliwahi kuuza kazi tano zenye waridi kali mno, ile inayong'aa kama taa. Mwaka mmoja baadaye mnunuzi akanipigia kuniuliza kama alikosea kuzining'iniza. Nilipokwenda, waridi ilikuwa imeondoka. Palipokuwa na machweo palibaki maji machafu. Nilirudisha pesa. Jambo lenyewe si geni: mwaka 1888 wanasayansi wawili, Russell na Abney, waliwasilisha kwa serikali ya Uingereza ripoti ya majaribio yao ya kuanika rangi za maji juani, na baadhi ya rangi zilizopendwa sana zilionekana hazifai. Leo tyubu nyingi nzuri zina herufi na namba ya rangi yenyewe, kama PB29 kwa ultramarini. Soma hiyo, maana jina la mbele ni la biashara. PR83, alizarini ya zamani, hufifia. PV19 hukupa wekundu wa jamii hiyo na husimama imara zaidi.

Usiniamini mimi wala tyubu. Paka ufito wa kila rangi uliyonayo, pamoja na vipande vya kila karatasi unayotaka kubandika, kwenye karatasi moja ndefu. Funika nusu yake kwa karatasi ya fedha ya kufunikia chakula, iliyobanwa vizuri, uibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, uandike tarehe. Iache miezi mitatu, kisha funua. Zilizobadilika zitoe kwenye sanduku hata kama ndizo unazozipenda. Wakati unasubiri, una karatasi ishirini za maji za kufanya.